Muziki wa kijijini nyumbani: safari ya nyimbo za kantri kutoka Kericho hadi jengo la Tianxiu

Leo tunawapeleka Guangzhou, mji mkuu wa mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, kwenye eneo liitwalo Xiaobei, ambako kando ya Barabara ya Huanshi ya Kati limesimama jengo la Tianxiu. Wachina huliita Tianxiu Dasha, na neno dasha maana yake ni jengo kubwa. Kwa wafanyabiashara wengi wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Lubumbashi, jina hilo ni maarufu pengine kuliko jina la Ukuta Mkuu. Ghorofa za chini ni maduka ya nguo, viatu, nywele za bandia, simu na vifaa vya umeme. Ghorofa za juu, zinazopita thelathini, ni ofisi na vyumba vya kuishi.

Hata hivyo, leo hatutaulizia bei ya katoni. Tunataka kuzungumzia jambo ambalo halionekani kwenye orodha ya mizigo, nalo ni muziki wa kantri, yaani ule muziki wa gitaa uliozaliwa mashambani kusini mwa Marekani, na namna ulivyoingia katika nyumba za watu wa kwetu na kuwachezesha baba, mama na watoto. Huenda msikilizaji akauliza: Tianxiu inahusikaje na mambo hayo? Jibu linaanzia kwenye lugha. Kwa Kichina, muziki wa kantri huitwa xiangcun yinyue, na maana yake halisi ni muziki wa kijijini. Tena, ng'ambo ya pili ya barabara, karibu kabisa na Tianxiu, kipo Dengfeng, mojawapo ya vile ambavyo Wachina huviita vijiji ndani ya mji. Guangzhou ilipopanuka, mashamba ya wanakijiji yalijengwa, lakini kijiji chenyewe kikabaki katikati ya majengo marefu, nyumba zake zikiwa zimebanana, zikipangishwa kwa wageni. Katika Mtaa wa Baohan unaokatiza hapo wamekaa Wachina waliotoka mikoa ya mbali, Waislamu wa kabila la Wahui wenye mikahawa ya tambi, na Waafrika. Karibu kila mtu hapo ametoka kijiji fulani. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua muziki wa kijijini unamfaa nini mtu aliyekiacha kijiji chake, hana budi kupitia hapa.

Lakini historia yenyewe inaanzia kwetu, na inaanzia mbali.

Mwezi Agosti mwaka 1927, katika mji mdogo wa Bristol, jimbo la Tennessee, kijana mmoja mwembamba aitwaye Jimmie Rodgers alirekodi nyimbo zake za kwanza. Alizaliwa mwaka 1897, na kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa reli, kazi yake ikiwa kufunga breki za mabehewa ya treni. Mwenyewe alikuwa Mzungu, lakini sehemu kubwa ya muziki wake aliuchota kwa vibarua weusi wa reli katika jimbo la Mississippi. Aliongezea mtindo wa kuivunja sauti, ikaruka kutoka kifuani hadi juu kabisa kooni, kisha ikarudi. Kifua kikuu kilimuua mwezi Mei mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 35 tu, siku chache baada ya kurekodi nyimbo zake za mwisho mjini New York. Marekani inamkumbuka kama baba wa muziki wa kantri.

Sahani zake za santuri zilivuka bahari. Zilifika pia katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, nchi ya Wakipsigisi, kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Watu walimsikia ndani ya gramafoni mtu asiyeonekana, mwenye sauti inayoruka kama mbuzi. Jina lake likatamkwa kwa ulimi wa wenyeji, likawa Chemirocha. Na jina likishapata kiambishi cha kwenu, huyo si mgeni tena.

Mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine zake za kunasa sauti, alifika Kapkatet. Hapo alirekodi nyimbo kadhaa zilizomhusu Chemirocha. Maarufu kuliko zote ni ule ulioimbwa na wasichana wa Kipsigisi wakifuatana na chepkong, kinubi chenye nyuzi sita, ndugu yake nyatiti ya Waluo na litungu ya Wabukusu. Kwa maelezo aliyoyaandika Tracey, wasichana hao walimfanya mwimbaji wa Marekani kuwa kiumbe cha ajabu, nusu mtu na nusu swala, nao wanamhimiza acheze ule mchezo wa kuruka wa Kipsigisi, aruke kwa nguvu mpaka nguo zimtoke. Hebu fikiri, msikilizaji mpendwa! Marehemu wa Mississippi, aliyekufa kitandani miaka 17 kabla, anaitwa na wasichana wa Kericho aje kucheza uwanjani.

Wapo wanaousimulia mkasa huu kama kichekesho cha watu wasioijua gramafoni. Mimi siuoni hivyo. Wasichana wale hawakumwabudu mtu wa santuri, walimtania. Walifanya kile ambacho kila familia inayopenda ngoma huwafanyia wageni: walimvuta kwa mkono aingie duarani. Watu wa pwani na bara ya Tanganyika walifanya vivyo hivyo na sahani za muziki wa Kuba. Salum Abdallah wa Morogoro hakuishia kuzisikiliza, bali aliunda bendi akaiita Cuban Marimba, na nyimbo zake zikawa za Kiswahili. Huko Katanga, Jean Bosco Mwenda, ambaye Tracey huyohuyo alimrekodi mjini Jadotville mwaka 1952, alilichukua gitaa la kigeni akalipigia nyimbo za Kiswahili kwa vidole namna ambayo wapiga gitaa wa dunia nzima bado wanahangaika kuiiga. Vijana wa Dar es Salaam wa miaka ya 1950 nao walizipenda sinema za kauboi, wakavaa kama kauboi, jambo lililowaudhi sana maofisa wa kikoloni na baadhi ya wazee pia.

Hata hivyo, kulikuwa na dhuluma fulani katika habari ya Kapkatet, na haifai kuificha. Sauti za wasichana wale zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954. Zilitolewa kwenye sahani, zikasikilizwa Ulaya na Marekani, zikasifiwa. Wakati huohuo waimbaji wenyewe walizeeka huko nyumbani bila ya kuwa na nakala. Ilikuwa katikati ya miaka ya 2010 ndipo maktaba hiyo, pamoja na wenzao wa Kenya, ilipopeleka nakala Kericho na kuwatafuta waimbaji waliokuwa bado hai pamoja na familia zao. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita.

Turudi kwenye treni, kwa sababu treni ndiyo mshipa wa muziki huu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, nayo ndiyo iliyowatoa wanaume wengi vijijini na kuwapeleka kwenye kazi za mshahara. Nyimbo za kantri zimejaa treni, barua, mama anayengoja mlangoni, na mtu aliye mbali na kwao. Msikilizaji wa Nakuru au Voi hakuhitaji mkalimani. Wakikuyu walikwenda mbele zaidi, wakaliazima jina la treni, mugithi, wakalifanya dansi. Mtu mmoja mwenye gitaa huimba mfululizo bila kupumzika, na wachezaji hujipanga mstari mmoja, kila mmoja akimshika aliye mbele yake, wakizunguka ukumbi kama mabehewa. Mtindo huo wa mpiga gitaa mmoja ulivuma katika mabaa ya Kenya ya kati na Nairobi hasa tangu miaka ya 1990, na katika mfululizo huohuo mwimbaji huchanganya nyimbo za Kikuyu za zamani na zile za kantri. Lakini mugithi haukubaki baani. Kwenye harusi, shangazi, wajukuu na babu mwenye mkongojo huingia katika treni hiyohiyo, na mwenye mkongojo kwa kawaida ndiye huwekwa mbele kama injini.

Jina lililotawala nyumbani, lakini, lilikuwa la Jim Reeves. Alikufa katika ajali ya ndege mwezi Julai mwaka 1964, na Afrika ikaendelea kumsikiliza kana kwamba hakufa. Sauti yake ilikuwa nzito na tulivu, maneno yake yalieleweka hata kwa mwenye Kiingereza cha darasa la nne, na alikuwa na nyimbo za dini ambazo mama mcha Mungu hakuweza kuzikataza. Baadaye walifuata Skeeter Davis, Don Williams, Dolly Parton, Kenny Rogers, na Charley Pride, mwimbaji mweusi ambaye wasikilizaji wengi walishangaa walipoiona picha yake kwa mara ya kwanza. Katika nyumba nyingi za Kenya, redio ya betri ilitunzwa juu ya kabati, chini ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Jumapili baada ya kanisa, chai ikichemka, baba ambaye wiki nzima alikuwa mkali alimshika mama mkono, wakacheza polepole katikati ya viti, na watoto wakaziba nyuso zao kwa aibu huku wakichungulia kati ya vidole. Kipindi cha jioni cha Sundowner katika idhaa ya Kiingereza ya redio ya taifa ya Kenya kilizizoesha familia nyimbo hizo za taratibu, na hata leo wako watu wazima ambao wakisikia gitaa la namna ile huhisi harufu ya mafuta ya taa na maandazi.

Je, furaha hiyo ilikuwa ya kwetu au ya kukopa? Swali hili liliwahi kuwa la serikali. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kwamba asilimia 75 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kenya. Wanamuziki walikuwa na haki ya kudai hivyo, maana walikuwa wakifa njaa wakati redio yao ikipiga sahani za kigeni asubuhi hadi usiku. Lakini malalamiko yalizuka, mipango ya kupata sahani za kutosha za lugha zote haikuwa tayari, na agizo hilo halikudumu. Nikiutazama mkasa huo leo naona pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mwanamuziki wa Kisii au Mombasa alihitaji kula. Na yule mama aliyecheza na mumewe Jumapili hakuwa kibaraka wa mtu yeyote. Kosa lilikuwa kumlazimisha achague. Isitoshe, banjo, chombo kinachoupa muziki wa kantri mlio wake wa kurukaruka, asili yake ni Afrika Magharibi. Kilivuka bahari pamoja na watumwa.

China nayo ilikuwa na mlango wake. Mwezi Januari mwaka 1979, Deng Xiaoping alipozuru Marekani, mwimbaji John Denver alimwimbia katika ukumbi wa Kennedy Center mjini Washington. Siku chache baadaye, Deng alihudhuria mashindano ya kupanda farasi huko Simonton, Texas, akavaa kofia ya kauboi, na picha hiyo ikazunguka dunia. Kule Guangzhou upepo ulikuwa umeshaanza kubadilika. Mji huo uko karibu na Hong Kong, na kanda za nyimbo zilipenya mapema kuliko sehemu nyingine za nchi. Kampuni ya sauti ya Pasifiki iliundwa hapo mwaka 1979, na katika Hoteli ya Dongfang kulikuwa na mojawapo ya kumbi za kwanza za China mpya ambako watu walikunywa chai huku wakisikiliza waimbaji wa nyimbo za kisasa. Hoteli hiyo imetazamana na uwanja wa zamani wa maonesho wa Liuhua, yalikofanyika kwa miaka mingi yale maonesho ya biashara ya Guangzhou yaliyoanza mwaka 1957.

Ni maonesho hayohayo, pamoja na stesheni ya treni na masoko ya nguo ya jumla ya jirani, yaliyowafanya Waafrika wachague Xiaobei. Wengi walianza kufika mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya msukosuko wa fedha wa Asia kutikisa biashara zao Bangkok na kwingineko. Tianxiu ikawa kituo. Mtu aliweza kulala ghorofa za juu, akanunua ghorofa za chini, akasukwa nywele na kula chakula cha kwao bila kutoka mbali. Ijumaa Waislamu huelekea Msikiti wa Xianxian, panapotajwa kaburi la Saad bin Abi Waqqas. Jumapili Wakatoliki hukusanyika katika kanisa kuu la mawe lililo karibu na Mto Zhujiang.

Maisha ya familia katika vyumba hivyo si mepesi. Mara nyingi mke huja mwezi huu na mume mwezi ujao, kwa sababu duka la Nairobi au Kariakoo halijifungui lenyewe. Watoto wengine hukaa kwa bibi. Wapo pia waliooa au kuolewa na Wachina, nao ndani ya nyumba wana vijiji viwili vya kukumbuka. Siku hizi hakuna haja ya sahani wala redio ya kabatini. Nyimbo zote hukaa ndani ya simu, na spika ndogo ya kuzipazia sauti huuzwa pale chini ghorofa ya kwanza. Lakini ukuta ni mwembamba na jirani anaamka alfajiri. Mtu hucheza soksi zikiwa mguuni.

Kwa upande wa Wachina, furaha ya kucheza imehamia nje. Jioni, katika viwanja na bustani za Guangzhou kama katika miji yote ya China, kina mama wa makamo hujipanga safu kwa safu na kucheza kwa pamoja mbele ya spika moja. Dansi hiyo ya viwanjani ina mizizi katika ngoma za vijiji vya kaskazini, na ilienea sana miaka ya 1990, wakati watu wengi waliopoteza kazi viwandani au waliohama vijijini walipotafuta mahali pa kuwa pamoja. Malalamiko ya kelele yalikuwa mengi kiasi kwamba sheria mpya ya China kuhusu kelele, iliyoanza kutumika mwezi Juni mwaka 2022, inaitaja mikusanyiko ya namna hiyo viwanjani. Mtu aliyeona mugithi akizitazama safu zile atatambua jambo moja haraka: hakuna anayehitaji mwenzi wa kucheza naye. Mjane, mke aliyeachwa na mumewe aliye mbali, bibi aliyeletwa mjini kulea mjukuu, wote wana nafasi. Mistari ya dansi ya kantri huko Texas nayo iko hivyo.

Mwezi Aprili mwaka 2020, wakati wa maradhi ya Korona, furaha hii ilikatika. Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli walizokuwa wamepanga, wengine wakalala barabarani na mizigo yao, wengine wakawekwa karantini hata kama hawakuwa wamesafiri. Mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing waliandika barua ya kupinga, na baadaye serikali ya mkoa wa Guangdong ilitoa agizo la kukataza ubaguzi katika hoteli, maduka na nyumba za kupanga. Maofisa wa mji walisema wakati huo Waafrika waliokuwepo Guangzhou walikuwa zaidi kidogo ya 4,500. Miaka sita kabla ya hapo walitaja idadi ya karibu 16,000. Idadi ilikuwa imeshaanza kushuka kabla ya maradhi, kutokana na ugumu wa viza na kupanda kwa gharama, lakini majuma yale yaliwaondoa hata waliokuwa wameapa kubaki. Familia iliyotupwa nje usiku hupoteza godoro na sufuria, na hupoteza pia ile nafasi ndogo ya sakafu kati ya kitanda na meza, ambako mtoto alikuwa akifundishwa kucheza.

Nchini Kenya, wakati huohuo, muziki huu haukufifia. Sir Elvis, ambaye jina lake halisi ni Elvis Otieno, na Esther Konkara ni miongoni mwa Wakenya wanaoimba kantri kama kazi, tena mbele ya watu wanaokuja na watoto wao. Mwezi Julai mwaka 2024, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, mashabiki waliovaa kofia pana na viatu virefu walijipanga mistari wakacheza pamoja katika siku waliyoiita ya kauboi.

Na magitaa? Hapa nina habari moja ya mwisho. Mwaka 1987, wasichana 300 wa wilaya ya Zheng'an, katika milima ya mkoa maskini wa Guizhou, walipelekwa kufanya kazi Panyu, ambayo leo ni sehemu ya Guangzhou. Wengine kutoka kijijini kwao waliwafuata, na baadhi yao wakaingia katika viwanda vya kutengeneza magitaa, ingawa hawakuwahi kuyaona kabla ya hapo. Walijifunza kukata mbao, kukaza nyuzi, kupaka vanishi. Kuanzia mwaka 2012 hivi, baadhi ya waliojifunza Guangdong walirudi Zheng'an na kufungua viwanda vyao wenyewe, na sasa wilaya hiyo hutengeneza mamilioni ya magitaa, ambayo husafirishwa nchi nyingi, Marekani ikiwa miongoni mwao. Wazazi waliokuwa wakiwaona watoto wao mara moja kwa mwaka, wakati wa sikukuu ya Mwaka Mpya, sasa hutoka kiwandani jioni na kurudi nyumbani kwa miguu.